Ufunguo Ulio Chini ya Mto

Saa nne usiku katika nyumba nyingi za Dar es Salaam kuna ibada ndogo isiyokosa. Baba, au yeyote anayelala wa mwisho, anaanzia kwenye mlango wa grili: anausukuma mpaka ulie, anapitisha kufuli na kulibana. Anarudi kwenye mlango wa mbao, anazungusha ufunguo mara mbili, anasukuma komeo la juu, anainama kwa la chini. Kisha anachomoa ufunguo, maana tumeambiwa tangu utotoni kwamba ukiachwa kitasani mwizi atausukuma kwa waya udondoke, na anaondoka nao chumbani. Ufunguo unalala chini ya mto, au mfukoni mwa suruali iliyotundikwa nyuma ya mlango. Watoto wa chumba cha pili hawajui uko wapi. Dada wa kazi ndiye kabisa hajui.

Nina ugomvi na ufunguo huo, na ugomvi wenyewe unaanzia dukani. Tunapokwenda kununua kitasa tunamfikiria mtu mmoja tu, mwizi, na hata huyo tunamfikiria vibaya, kana kwamba atakuja na waya mwembamba na subira ya usiku kucha. Aliye ndani hatumfikirii kabisa. Matokeo yake tuna nyumba zilizofungwa sana na kulindwa kidogo, na siku ya moshi zinawageukia wenyewe.

Tuanze na chuma chenyewe. Fungua mlango wako wa mbele, utazame ubavuni, pale penye bati jembamba la rangi ya shaba. Kwa kawaida utaona ndimi mbili. Mmoja umekatwa mshazari. Ukiubonyeza kwa kidole unaingia, ukiuachia unarudi. Huo ni ulimi wa springi, na kazi yake ni kuuzuia mlango usipigwe na upepo, basi. Kibaka mwenye kipande cha plastiki alichokikata kwenye chupa ya maji anakipenyeza kati ya mlango na fremu, ulimi unarudi nyuma, na mlango unafunguka bila kelele. Ulimi wa pili ni wa mraba. Hauna springi, na ukiusukuma kwa kidole hausogei. Unatoka na kuingia kwa ufunguo, au kwa kitufe cha kuzungusha, na ukishatoka umetoka. Huu ndio unaolinda nyumba. Anayekwenda dukani akaubamiza mlango nyuma yake bila kuzungusha ufunguo ameuacha ule wa springi peke yake kazini. Vile vitasa vya duara vya bei nafuu, vya kubonyeza katikati, havina mwingine zaidi ya huo. Vinafaa bafuni. Kuvikuta kwenye mlango wa mbele wa nyumba mpya yenye vigae na dari ya jipsamu kunanisikitisha.

Ulimi wa mraba nao una madaraja. Mwingine unatokeza sentimita moja, mwingine mbili na zaidi. Kiwango cha Uingereza kinachoitwa BS 3621 kinataka usipungue milimita 20, na kinataka kitasa cha aina moja kiwe na tofauti za funguo zisizopungua 1,000, ili ufunguo wa nyumba hii usiwe na ndugu mtaa wa pili. Vitasa bora huwekewa vijiti vya chuma kigumu ndani ya ulimi, vilivyolegezwa makusudi: msumeno ukivifikia vinazunguka nao badala ya kukatika.

Halafu kuna leva, sifa ambayo kila muuza vifaa vya ujenzi pale Gerezani huitanguliza kabla hujauliza bei. Leva ni vibati vilivyopangwa kimoja juu ya kingine ndani ya kitasa, kila kimoja na springi yake. Meno ya ufunguo yanaiinua kila leva kwa kimo chake. Zote zikifika sawasawa, kijiti kilicho kwenye ulimi kinapata upenyo na ulimi unasogea. Moja ikipungua au ikizidi, ulimi unagoma. Kitasa cha leva mbili kinakubali mikato michache sana, ndiyo maana si ajabu ufunguo wa stoo ukafungua na jikoni, na wa jirani ukafungua kwako. Leva tatu ndicho kitasa cha kawaida cha nyumba zetu, na kwa mlango wa chumba cha ndani kinatosha. Mlango wa nje unastahili tano.

Ufundi huu si wa jana. Robert Barron alisajili kitasa chake cha leva nchini Uingereza mwaka 1778. Mwaka 1817 wezi waliingia katika bandari ya jeshi la majini huko Portsmouth kwa funguo bandia, serikali ikatangaza shindano la kitasa kisichofunguka ila kwa ufunguo wake. Mwaka uliofuata Jeremiah Chubb akaleta kitasa kinachoshtaki: mtu akikichokonoa na kuinua leva kupita kiasi, kinajibana, na mwenye ufunguo akirudi anajua kuna mkono umepita. Mfungwa mmoja aliyekuwa fundi vitasa aliahidiwa msamaha na pauni 100 akiweza kukifungua. Alihangaika nacho kwa miezi, akanyoosha mikono. Imani kwamba kuna kitasa kisichofunguka bila ufunguo wake ilidumu mpaka Maonyesho Makubwa ya London ya 1851, alipofika Mmarekani Alfred Charles Hobbs. Cha Chubb alikifungua kwa dakika 25 hivi. Cha Joseph Bramah, kilichokuwa kimekaa dirishani mwa duka kwa miongo kadhaa pamoja na tangazo la zawadi ya gini 200, kilimchukua saa 51 zilizogawanywa katika siku 16. Alilipwa.

Namtaja Hobbs kwa ajili ya hizo saa 51. Aliyekuwa bingwa wa dunia katika kazi hiyo, tena mchana kweupe, ameketi, hana anayemfukuza, alihitaji siku 16 kwa kitasa kimoja. Kibaka wetu hana hata dakika tano, na wala hana haja nazo. Ana fatuma.

Msomaji wa habari za polisi analifahamu jiwe hilo. Ni kubwa, linabebwa na zaidi ya mtu mmoja, linarushwa mlangoni mara moja, mara mbili, mpaka mlango uingie ndani. Fatuma haliulizi leva ngapi. Nenda ukautazame mlango uliopigwa nalo asubuhi yake, majirani wakiwa bado wamesimama barazani. Mara nyingi utakuta kitasa ni kizima, ulimi umetokeza vilevile ulivyofungwa usiku, na ufunguo ukiutia unauzungusha bila taabu. Kilichopasuka ni fremu.

Sababu utaijua ukikaa na fundi anapofunga kitasa. Kwenye mlango anafanya kazi ya heshima: anapima, anatoboa kwa keekee, anachimba kwa patasi mpaka kitasa kizame bila kucheza, analisawazisha bati lisitokeze. Nusu siku imekwisha na chai imeshaletwa. Ikifika zamu ya fremu, anachimba tundu harakaharaka, analibandika bati la kupokelea ulimi kwa skrubu mbili zilizokuja ndani ya boksi, zisizofika hata sentimita mbili, na ulimi usipolenga tundu analipanua mpaka uingie. Ndiyo kusema nguvu zote za fatuma zinapokelewa na skrubu hizo mbili zilizoshika ukingo wa ubao. Nilipomwomba fundi mmoja atumie skrubu za inchi tatu, pamoja na plagi zake, zipenye fremu zikamate ukuta, alinitazama kwa huruma. "Bosi, mlango wenyewe mninga huu," akasema, akaupiga kofi. "Hautikisiki." Mninga hautikisiki, ni kweli. Mimi nilikuwa naizungumzia fremu, na yeye fremu hakuihesabu kuwa sehemu ya kazi.

Kwa hiyo mwenye fedha ya kununua kitasa cha gharama namshauri aigawe. Achukue cha wastani chenye ulimi mrefu, na kinachobaki kiende kwenye bati nene la fremu, skrubu ndefu na bawaba tatu badala ya mbili. Ile milango ya chuma kutoka China, inayotoa ndimi pande zote kwa mzunguko mmoja wa ufunguo, nayo haijapona. Fremu yake ni bati lililokunjwa, tupu ndani. Isipojazwa zege wakati wa kufunga, ndimi zote zile zinashikilia hewa.

Kwenye milango ya alumini, iliyoenea sasa, kinachotumika ni silinda: kile kipande cha shaba kinachopenya mlango kutoka nje hadi ndani, kikishikwa na skrubu moja tu ya katikati. Hapo penye tundu la skrubu ndipo pembamba, na ndipo kinapokatika mwizi akikibana kwa koleo na kukipinda. Dawa yake haina gharama: wakati wa kununua pima unene wa mlango, silinda isitokeze nje zaidi ya milimita tatu, koleo likose pa kushika.

Silinda ina fadhila moja kubwa, kwamba inabadilishika. Unafungua skrubu ile ya ubavuni, unazungusha ufunguo kidogo mpaka pua ya katikati ilale sawa na mwili wa silinda, unavuta, inatoka yote. Unatia nyingine. Bisibisi moja na dakika kumi. Nawaambia hili wenye nyumba za kupangisha hasa. Mpangaji aliyehama ameondoka na godoro lake, televisheni yake na nakala ya ufunguo wako. Aliyehamia amelipa kodi ya miezi sita mbele, na analala nyuma ya mlango ambao mtu asiyemjua kwa sura anaweza kuufungua. Wachonga funguo wa barabarani hawamwombi mtu hati ya nyumba. Ukileta ufunguo, wanausaga na kukupa wa pili. Kubadilisha silinda, au kitasa kizima kama ni cha leva, kila mpangaji anapotoka kungepaswa kuwa kipengele cha mkataba. Leo ni hisani, na wengi hatuipati.

Sasa nirudi kwa aliye ndani.

Kitasa chenye ulimi wa mraba kinatengenezwa kwa namna mbili kubwa: ufunguo nje na kitufe cha kuzungusha ndani, au ufunguo nje na ufunguo ndani. Nyumba zetu zimejaa namna ya pili. Hakuna aliyetuuliza; ndivyo vilivyoletwa dukani, baba zetu wakavinunua, na sisi tukaendelea. Mchana havina shida, ufunguo unaning'inia kitasani. Usiku ufunguo unapokwenda chumbani, mlango umegeuka ukuta.

Umeme umekatika, mshumaa umeangukia pazia. Au waya chakavu umepata moto darini. Moshi wa godoro la sponji ni mweusi na una sumu, na unaua kabla mwali haujafika chumbani. Mtu anaamka anakohoa, mkono wake mwenyewe haoni. Anaitafuta suruali. Anatafuta ufunguo mmoja kwenye pete yenye saba. Anafika mlangoni anapapasa tundu la kitasa, ufunguo unaingia juu chini, unaanguka. Tuseme ameuokota na amefungua, na yale makomeo mawili ameyakumbuka. Mbele yake kuna grili, lenye kufuli lake, lenye ufunguo wake. Madirisha nayo yana nondo.

Wakenya wamelijua hili kwa uchungu. Machi 2001 bweni la Shule ya Sekondari ya Kyanguli, Machakos, lilichomwa kwa petroli usiku wanafunzi wakiwa wamelala. Bweni lilikuwa na milango miwili, na mmoja ulikuwa umefungwa. Madirisha yalikuwa na nondo. Walikufa wanafunzi 67. Miaka mitatu kabla yake, wasichana wa Bombolulu, pwani ya Kenya, walifia katika bweni ambalo madirisha yake pia yalikuwa na nondo. Mwongozo wa usalama wa shule uliotolewa na Wizara ya Elimu ya Kenya mwaka 2008 unasema milango ya bweni ifunguke kwa nje, isifungwe kutoka nje wanafunzi wakiwamo, na madirisha yasiwe na nondo. Hakuna mzazi atakayepinga sharti hilo. Lakini likizo ikifika tunawarudisha watoto walewale nyumbani, tunawafungia kwa funguo mbili, tunalala.

Wengine walijifunza mapema zaidi kwa bei ileile. Tarehe 16 Juni 1883, katika ukumbi wa Victoria Hall mjini Sunderland, Uingereza, watoto walishuka ngazi mbio kuwahi zawadi. Mlango wa chini ulikuwa umebanwa kwa komeo, ukaachwa na upenyo wa kupita mtoto mmoja mmoja. Walikufa 183 wakiwa wamelaliana, bila moto wowote. Miaka kadhaa baadaye, 1892, Robert Alexander Briggs alisajili komeo linaloachia kwa kusukumwa tu na mwili wa anayetoka, na leo huwezi kwenda sinema au benki kubwa usilione. Kwa nyumba za kuishi, kanuni za ujenzi zinazofuatwa katika majimbo mengi ya Marekani zinadai mlango wa kutokea ufunguke kutoka ndani bila ufunguo. Waingereza nao, sambamba na BS 3621, wana BS 8621: kwa nje uimara uleule, kwa ndani kitufe.

Wala hatukuhitaji kufundishwa na Sunderland. Tazama milango ya zamani ya Mji Mkongwe, Unguja, au ya Lamu. Mwenye nyumba akitoka, alipitisha mnyororo kwenye tumbuu akatia kufuli kwa nje. Akiingia kulala, alipitisha pingo la mti nyuma ya mbao za mlango. Kufuli lilikuwa la kulinda nyumba isiyo na mtu; pingo lilikuwa la kulinda watu. Tembo hangelivunja kwa urahisi, na bibi kizee alilitoa gizani kwa mikono yake miwili. Kisha sisi tukaleta chuma, tukatia ufunguo pande zote mbili, tukajiona tumeendelea.

Najua jibu litakalokuja. Mlango una kioo, au una dirisha karibu yake. Mwizi atavunja kioo, ataingiza mkono, atazungusha kitufe. Ni hoja ya haki, na ndiyo iliyozaa ufunguo wa pande mbili. Lakini inajibika. Kitasa kinaweza kufungwa mbali na kioo, mkono usifike. Kioo kinaweza kuwekewa wavu wa chuma kwa ndani, kazi ya nusu siku kwa fundi wa kuchomelea. Na anayeng'ang'ania ufunguo wa ndani, kwa sababu zake, basi autundike kwenye msumari mmoja usiobadilika: hatua mbili kutoka mlangoni, mbali na dirisha, kimo cha mtoto, ufunguo wa grili pembeni yake. Usiku ukae hapo. Ule wa chini ya mto haumlindi mtu yeyote ambaye msumari huo haumlindi.

La pili kulaumiwa, baada ya ufunguo, ni grili. Grili la mlango lenye kufuli kwa ndani ni kizuizi cha kwanza cha mwizi na cha tatu cha mwenye nyumba, na fundi yeyote wa kuchomelea anaweza kuondoa vipete vya kufuli akaweka kisanduku chenye komeo la kusukuma, kilichofunikwa kwa bati upande wa nje ili mkono usilifikie. Na angalau dirisha moja la kila chumba cha kulala liwe na nondo zenye bawaba, zinazofunguka kutoka ndani.

Kuhusu vitasa vya kidijiti, vya alama ya kidole na namba za siri, nitasema kidogo. Vingi vinafunguka kwa ndani kwa kuteremsha mkono wa kitasa tu, na hilo ni jambo jema kuliko ule uwezo wote wa simu unaotangazwa. Lakini fungua mlango utazame ubavuni kabla hujalipa. Baadhi ya vya bei rahisi vina taa ya buluu usoni na ulimi wa springi kiunoni. Betri nazo zinakwisha.

Wauzaji wangeweza kutusaidia bila kungoja sheria. Wauze vitasa vya kitufe kwa ndani sambamba na hivi tulivyozoea, wamweleze mteja tofauti, waweke skrubu ndefu kando ya boksi. Nilipoulizia katika maduka matatu yaliyoongozana, muuzaji mmoja tu alikuwa na kitasa cha leva tano, na ilibidi apande ngazi kukitafuta. Bidhaa isiyoulizwa hailetwi, kwa hiyo tuiulize.

Leo usiku, mkishakula na kufunga milango kama mlivyozoea, zimeni taa zote. Mwite mtoto mdogo kuliko wote anayefikia kitasa, mwambie atoke mpaka uani peke yake. Msimsaidie. Akikwama, kesho pitieni dukani. Na namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, kwa walio Tanzania, ni 114. Mtoto huyohuyo aikariri.